Alhamisi Saba za Kaka Yangu

Kaka yangu alizikwa siku ya Jumanne, na wengi wa waliomzika walikuwa watu wazima wenye vyeti vya karibuni. Nilisimama kando ya kaburi nikawatazama mmoja mmoja: mpishi wa shule, mlinzi wa zamani ambaye sasa ni fundi umeme, fundi bomba mwenye mguu mbovu, mama mshonaji aliyefaulu mtihani wa sekondari akiwa na wajukuu wanne. Kila mmoja wao ana karatasi ambayo kaka alimsaidia kuipata. Mume wangu, ambaye hana karatasi, alibaki nyumbani. Alisema kichwa kinamuuma.

Mchungaji aliniomba niandike ukurasa mmoja wa maisha ya marehemu, usomwe kanisani. Niliuandika, ukasomwa, watu wakalia. Haukuwa na uongo. Lakini haya ninayoandika sasa hayakuwamo.

Kaka alikuwa na miaka kumi na minne baba yetu alipopooza. Mimi nilikuwa na saba. Mama alituketisha jikoni akasema ada ya mtu mmoja ndiyo inayowezekana, na kabla hajamaliza kaka akasema, "Asome huyu mdogo. Mimi nimeshajua kusoma, inanitosha." Kesho yake akaenda kumbebea ngazi fundi umeme wa mtaani. Alibeba ngazi miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kuipanda.

Baadaye alipata kazi hospitali, upande wa matengenezo, kama msaidizi wa fundi. Neno hilo "msaidizi" lilimganda kama rangi ya mafuta. Vijana walikuja kutoka vyuoni, akawaonyesha swichi za jenereta zilipo na waya upi una tabia gani, na baada ya miezi sita wakawa wakubwa wake. Hakunung'unika. Siku moja tu, akiwa na miaka thelathini na minane, alinijia na daftari jipya chini ya kwapa.

"Mdogo wangu, nifundishe hesabu."

"Hesabu gani, kaka?"

"Zile zenye herufi. Zile zilizonipita nikiwa juu ya ngazi."

Nilikuwa nimeolewa karibuni, mimba ya kwanza tumboni, miguu imevimba. Tulikaa kwenye meza ya jikoni kila Jumapili baada ya ibada. Kaka mkubwa akifundishwa na mdogo wake huwa mkali kuficha aibu. Yeye alikaa kama mtoto wa darasa la kwanza, ulimi nje kidogo, akiandika namba kubwa kubwa. Mtihani wa kwanza hesabu zilimwangusha. Wa pili zikamwangusha tena, na wenzake kazini wakaanza kumwita Profesa. Wa tatu alifaulu. Mwaka uliofuata akafanya mtihani wa ufundi, akapata na hicho cheti, na hospitali wakafuta neno "msaidizi" kwenye kitambulisho chake.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alikwenda kwa mchungaji akaomba ukumbi wa kanisa siku za Jumamosi mchana.

Kulikuwa na makundi mawili. Upande wa madirishani walikaa waliotaka cheti cha sekondari, na mimi niliwafundisha hesabu pale nilipoweza. Upande wa ukutani walikuwa mafundi wanaojua kazi lakini hawana karatasi. Hao ndio waliomsumbua zaidi. Asiyejua kitu, alisema, unamfundisha. Anayejua vibaya inabidi kwanza umnyang'anye anachokijua, na mtu mzima hanyang'anywi kitu kirahisi.

Kwa mafundi umeme alikuwa ametengeneza ubao wa mbao nyembamba, mpana kama mlango, wenye swichi kuu, soketi mbili, kishikio cha taa na nyaya zake zote. Anaufunga kwa mkanda anaubeba mgongoni. Mwanafunzi anaitwa mbele: "Haya, taa haiwaki. Tengeneza." Mtu mwenye mvi, aliyetengeneza taa za nusu ya mji, anachukua bisibisi na kwenda moja kwa moja kwenye kishikio. Hapo kaka anapiga kofi moja la mikono.

"Umeshakufa. Nenda kazunguke."

Maana yake ni kwamba hakuzima swichi kuu. Adhabu yake ni kutoka nje, kulizunguka kanisa lote, na kurudi kuanza upya. Mlinzi, ambaye wakati ule bado alikuwa mlinzi, Jumamosi moja alizunguka mara sita. Mpishi alikuwa anamchungulia dirishani.

"We mlinzi, leo unalinda kanisa?"

"Nalinda roho yangu, mama."

"Ilinde vizuri, hiyo ni ya sita. Ya saba kuta zitaanguka!"

Ukumbi mzima ukacheka, na kaka pia, kisha akasema alivyosema siku zote: "Zima kwanza. Kucheka baadaye." Ndiyo maana mtaa ulimwita Zima Kwanza. Watoto walimfuata wakiliimba jina hilo, naye akawapungia mkono.

Sasa nifike kwa mume wangu.

Mume wangu ni fundi umeme wa kiwanda cha unga, au alikuwa. Mashine za unga hazipendi kusimama. Ikisimama moja, unga unaganda ndani, bosi wa zamu anakuja anapiga kelele, na fundi ndiye anayetukanwa. Kwa hiyo mafundi wa pale walijifunza kutengeneza huku umeme unapita. Hupima waya kwa nyuma ya kidole, si kwa mbele, kwa sababu umeme ukikushika mbele vidole vinafumba na waya umo ndani. Ukikugusa nyuma mkono unaruka. Mume wangu alikuwa bingwa wa jambo hilo. Wenzake walimwita Mkono Mkavu na yeye alilipenda jina hilo kuliko aliloitwa na mama yake.

Mwaka jana kiwanda kilitoa amri: kila anayegusa umeme awe na cheti cha ufundi ifikapo mwisho wa mwezi wa sita, asiye nacho aondoke. Mwanzoni mume wangu alicheka. "Karatasi haiwashi taa," alisema. Wiki mbili baadaye fundi mwenzake akaondolewa kwa kosa dogo, na kicheko kikakauka. Akaenda kukaa upande wa ukutani, mbele ya shemeji yake.

Siku ya kwanza alizunguka kanisa mara nne. Alirudi nyumbani amenuna, viatu vimejaa vumbi. "Ndugu yako ananifanya punda wa kinu." Lakini alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Kufikia mwezi wa tano alikuwa hazunguki tena. Kaka alinivuta pembeni akaniambia, "Shemeji atafaulu. Anajua kuliko mimi. Kidole tu, mdogo wangu. Nakiogopa kile kidole."

Mtihani wa vitendo ulifanyika kwenye karakana ya chuo cha ufundi. Mimi sikuwepo, lakini nimesikia habari yake kwa mume wangu na kwa kaka yangu, na wote wawili walisimulia jambo lile lile bila tofauti. Laiti mmoja wao angedanganya, ningepata wa kumlaumu.

Meza zilikuwa nane, kila moja na ubao wake na msimamizi wake. Ofisi ya mitihani huwaita mafundi wazoefu wenye cheti kuwa wasimamizi, na kaka alikuwa mmoja wao. Alipoona orodha alimwendea mkuu wa mtihani akamwambia, "Meza ya tatu ni shemeji yangu." Wakamhamishia meza ya nne.

Mume wangu alizima swichi kuu. Alipima kwa kipimo, akafunga nyaya, akakagua, akawasha. Taa haikuwaka. Zilibaki dakika sita. Anasema kuanzia hapo hakuwa tena kwenye mtihani, alikuwa kiwandani na bosi wa zamu yuko nyuma yake. Msimamizi wa meza yake alikuwa ameinama kutafuta kalamu iliyoviringika chini. Umeme ukiwa unapita, mume wangu akapeleka nyuma ya kidole kwenye waya. Umeme ulikuwa umefika. Basi akajua tatizo liko upande wa pili. Akazima, akakaza skrubu moja, akawasha. Taa ikawaka.

Msimamizi wake akainuka na kalamu yake, akaiona taa, akatabasamu. Kwenye meza ya nne kaka yangu alikuwa ameinua mkono.

Kanuni inasema msimamizi yeyote akiona mtahiniwa amegusa waya wenye umeme, wa meza yoyote, lazima amsimamishe. Mkuu wa mtihani akaja.

"Nani ameona?"

"Mimi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mume wangu alisema neno moja tu: "Shemeji." Kisha akakusanya vifaa vyake.

Saa kumi alasiri kaka alikuja kwetu, kitambulisho cha usimamizi bado kimening'inia shingoni. Mume wangu alikuwa ameketi kizingitini. Kaka akapiga hodi mbele ya mtu anayemtazama usoni, na hakuna aliyesema karibu.

"Shemeji, nimekuja mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

"Nisikie nini? Nilikuwepo."

"Najua."

"Ungekohoa," mume wangu alisema. "Ungekohoa tu, shemeji. Khm! Ningeelewa, ningetoa mkono."

"Mkono ulikuwa umeshafika."

"Nani mwingine aliona?"

"Hakuna."

"Wewe peke yako!"

"Mimi peke yangu. Na Mungu."

"Basi ungemwachia Mungu aseme mwenyewe!"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na mtoto mgongoni. Nilitoka. Ningependa kuandika kwamba nilitoka kuwapatanisha. "Kaka," nilisema, "wapwa zako wanne watakula huo ukweli wako kwa mboga gani?"

Akanigeukia. "Mdogo wangu," akasema, "mimi ndiye ninayetengeneza taa za chumba cha maiti pale hospitali. Nimeshawapokea mafundi watatu wa mkono mkavu. Mmoja nilimfundisha mimi."

"Kikulacho kii nguoni mwako," mume wangu akasema, akasimama. "Toka kwangu."

Kaka akatoka.

Kiwanda hakikumfukuza mume wangu siku ile. Walimweka kando bila mshahara, wakasema nafasi yake itasubiri mtihani wa marudio, mwezi wa kumi. Akikosa huo, kibarua kimeota nyasi. Lakini aliyesimamishwa kwa kosa la hatari harudii hivi hivi: sharti alete fomu inayoonyesha saa arobaini za mazoezi chini ya fundi mwenye cheti, na zisizidi saa nne kwa siku. Kabla hatujajua hata pa kuipata fomu hiyo, kaka alikuwa ameshaichukua ofisini, ameandikisha jina lake kama mkufunzi, na ametuletea ujumbe kupitia kwa mke wake. Atakuja kila Alhamisi saa nane mchana, siku yake ya mapumziko. Alhamisi kumi, saa nne nne, arobaini zimetimia.

"Hataingia humu," mume wangu alisema. "Akija mwambie sipo."

"Na mtihani?"

"Nitatafuta fundi mwingine."

Hakutafuta.

Alhamisi ya kwanza kaka alifika na ubao wake mgongoni. Alikuwa ameupitisha mitaa sita. Fundi viatu wa kona alimpigia kelele, "Mzee Zima Kwanza, leo umehama na ukuta?" Nikamsikia kaka akicheka, nikashika pazia la dirisha kabla hajabisha.

"Hodi wenyewe."

"Hayupo," nikasema.

"Amekwenda mbali?"

"Sijui."

"Haya. Mwambie nilifika."

Aliuegemeza ubao ukutani, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akasubiri kama dakika kumi. Alitoa bahasha mfukoni, akachomoa karatasi, akaandika kitu. Akavaa mkanda wake, akaondoka. Mume wangu alikuwa kitandani, hatua nane kutoka dirishani, amelala chali anatazama dari. Viatu vyake vya kiwandani, vikubwa kama mitumbwi, vilikuwa nje ya mlango. Hakuna aliyekumbuka kuviingiza.

Ilikuwa hivyo Alhamisi ya pili, na ya tatu. Ya nne mvua ilinyesha, akaja ameufunika ubao kwa plastiki na yeye mwenyewe hakujifunika. Nilisema hayupo. Ya tano aliuliza hali za watoto, nikasema wazima, naye akasema "Mungu asifiwe," nikasema hayupo. Jumapili tulikaa kanisa moja, yeye mbele na mimi nyuma, na nilipokea meza ya Bwana kwa mdomo ule ule.

Alhamisi ya saba alifika saa nane na nusu. Hajawahi kuchelewa popote. Nilimwona kwa upenyo wa pazia: amevaa kandambili kwa sababu miguu imevimba, jasho linamtiririka, mkono mmoja umeshika ukuta wa nyumba yangu.

"Hodi wenyewe."

Nilikuwa na muda wa kusema neno lolote. Nikasema, "Hayupo."

"Haya," akasema. "Nipumzike kidogo, kisha nitakwenda."

Alhamisi ya nane hakuja. Mume wangu alisema, "Amechoka mwenyewe," lakini hakulala kitandani siku ile. Alizungukazunguka chumbani mpaka jioni. Jumatatu wifi yangu alipiga simu. Ni moyo, wamemlaza pale pale hospitali anapofanya kazi, na madaktari wanamwita kwa jina kwa sababu kila mmoja ameshamtengenezea taa.

Nilikwenda Jumanne. Alikuwa ameegemezwa kwa mito mitatu, bomba la hewa puani. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilipokaa, yeye ndiye aliyeanza.

"Shemeji amerudi?"

"Bado," nikasema. "Atarudi."

"Akirudi wiki hii..." Akapumzika. "Akirudi wiki hii, tukafanya kila siku saa nne, siku kumi zinatosha. Nimehesabu. Bado zinatosha."

Nikamshika mkono nikasema ndiyo, zinatosha.

Alifariki Ijumaa, saa tisa alasiri. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Siku tano baada ya mazishi wifi aliniletea bahasha. "Hii ni ya shemeji," alisema. "Aliniambia isipotee." Ndani ilikuwa fomu. Kaka alikuwa amejaza mistari saba kwa mwandiko wake wa namba kubwa kubwa. Tarehe. Saa ya kufika. Saa ya kuondoka. Kazi iliyofundishwa: hakuna. Maelezo: mwanafunzi hakukutwa nyumbani. Mara saba maneno hayo hayo, na kila mstari sahihi yake. Mstari wa saba sahihi ilikuwa imeshuka chini ya mstari.

Nilimpa mume wangu. Aliisoma amesimama, kisha akaisoma amekaa.

"Viatu vyangu vilikuwa mlangoni," akasema.

"Ndiyo."

"Siku zote saba?"

"Siku zote."

"Aliviona."

"Sijui."

"Mtu aliyekiona kidole changu kutoka meza ya nne," akasema mume wangu, "hakuviona viatu?" Akalala akageukia ukuta, na siku ile hakula.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya mitihani peke yangu. Karani alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba. Alipoona sahihi alishika kifua.

"Zima Kwanza amefariki? Jamani! Wiki chache tu zilizopita alikuwa hapa ananichekesha." Akasoma fomu mpaka chini. "Sikiliza, mama. Mkufunzi akifariki mwanafunzi anaweza kuongezewa miezi miwili. Nitaandika barua, kiwanda kitasubiri, barua zetu wanaziheshimu. Lakini lazima nieleze hizi siku saba. Hakukutwa kwa nini? Safari? Ugonjwa? Kibarua cha mbali? Nipe sababu moja tu niandike, nigonge mhuri, uende zako."

Alishika kalamu akaningoja. Safari. Neno fupi. Nilikuwa nimeshasema uongo huo mara saba dirishani na mara ya nane kitandani kwa mgonjwa. Wa tisa ungelisha watoto wangu. Huyu mama alikuwa karibu kunisemea mwenyewe.

"Alikuwa ndani," nikasema.

"Ndani wapi?"

"Ndani ya nyumba. Amelala kitandani. Mimi ndiye niliyesema hayupo."

Akavua miwani. "Mama, nimekuuliza alikuwa wapi. Fikiri vizuri kabla hujanijibu."

"Nimefikiri."

"Kwa nini unaniambia mimi haya?"

"Umeniuliza."

Akaitazama fomu tena, akaweka kidole juu ya maelezo ya kaka. "Marehemu ameandika hakukutwa. Sasa nikuelewe vipi? Alidanganywa, au na yeye alidanganya?"

"Alidanganywa."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Sina hata sasa. Nikamwambia, "Andika alidanganywa."

Aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mwisho akanigeuzia karatasi niione: Mwanafunzi alikataa mafunzo. Hakuna nyongeza ya muda. Aombe tena baada ya mwaka mmoja. Akagonga mhuri polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, na akaniambia pole. Sikujua ni pole ya kaka au ya mhuri.

Wanajumuiya wenzangu niliowasimulia wanasema nilifanya jambo la ujasiri, kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Haikuwa ujasiri. Nilichoka. Uongo wa kwanza nilimwambia mtu mwenye nguvu aliyebeba ubao mgongoni, wa saba nikamwambia mtu anayeshika ukuta asianguke, na wa nane nikamwambia mtu anayekata roho, akauamini, akaanza kupiga hesabu. Hesabu nilizomfundisha mimi. Sikuwa na nguvu ya kuutoa mwingine.

Ninachomwomba Mungu anieleze siku moja ni hiki. Kama kaka hakuviona viatu, basi alikufa akiamini dada yake ni mkweli na shemeji yake ni mtu wa safari nyingi. Na kama aliviona, basi mtu huyu ambaye hakukubali kukohoa alikaa juu ya ndoo yangu mara saba, akatuandikia maneno yatakayotuachia mlango, na kwa ajili yetu akaweka sahihi yake mahali ambapo hajawahi kuiweka. Mimi nikaenda ofisini nikaufunga mlango huo kwa mkono wangu. Nikipiga magoti sijui nimwombee msamaha nani kwanza.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu yote. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kwa hiyo hukusema safari?" Nikasema hapana. Akachukua kipimo chake cha umeme, bisibisi na koleo, akavifunga kwenye kitambaa, akaviweka juu ya kabati.

Kiwanda kilimpa kazi nyingine, ya kupakia magunia, kwa kutwa. Wenzake wa zamani wakipita na ngazi zao yeye anainamia gunia. Hakuna anayemwita Mkono Mkavu tena. Jioni anarudi mweupe mpaka kope, watoto wanamkimbia kwa kicheko, anaoga, tunakula. Kabla ya kula nasali mimi, yeye anasema amina. Hilo la amina nimelishukuru.

Jumamosi ukumbi wa kanisa bado unafunguliwa. Mlinzi ndiye anayefundisha upande wa ukutani, na mimi niko madirishani na hesabu zangu. Muda wa mume wangu kuomba tena utafika mwakani, mwezi wa kumi. Mlinzi ameniuliza mara mbili kama jina lake liandikwe. Nimemwambia asubiri, sijamuuliza mwenyewe.